Mbegu Aliyoiombea Willis

Willis Andati alimuuzia mama mmoja mbegu ya mahindi isiyofaa shamba lake. Alijua haifai. Na kabla ya kumkabidhi, aliiwekea mkono akaiombea.

Hakuwa mwizi. Alikuwa muuzaji katika duka la pembejeo mjini Kakamega, duka la aina ile watu huita agroveti. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mke, mtoto mmoja, na Biblia ndogo iliyokaa kando ya kitabu cha risiti. Kila asubuhi, kabla ya kuinua mlango wa chuma, alisoma mistari michache akaomba wateja. Wateja walipokuja, alishukuru.

Wengine walipenda kuombewa pia. Mtu amenunua dawa ya kuku. Willis anashika chupa, anafumba macho, anasema, "Bwana, kuku hawa wapone." Mteja anaitika amina, anaondoka amefurahi. Kuna watu waliopita maduka mawili mengine ili wafike kwake. Walimwita Willis wa maombi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, mwenye duka, Mzee Masinde, alisimama mbele ya rafu ya chini akaigonga kwa kiatu.

"Willis, hizi paketi zinaniangalia tangu mwezi wa tatu. Zikikaa hadi mwakani, tarehe yake itakuwa imepita. Zitoe. Ukizimaliza mwezi huu, una elfu mbili zako juu ya mshahara."

Zilikuwa paketi tano, kilo mbili kila moja. Mbegu ya ekari moja kamili. Ilikuwa mbegu nzuri, lakini ni ya nchi ya juu yenye baridi, na hupandwa msimu wa mvua ndefu. Hukaa shambani miezi sita au zaidi kabla ya kukomaa. Sasa mvua fupi ilikuwa imeanza, na mvua fupi haingoji miezi sita.

Ijumaa asubuhi aliingia mama mmoja wa makamo. Kilemba chake kilikuwa kimelowa manyunyu.

"Mulembe, mwanangu. Wewe ndiye Willis wa maombi?"

"Mulembe, mama. Ndiye mimi."

"Basi nimefika. Naitwa Maximilla, natoka Shianda. Nipe mbegu ya mahindi, ya ekari moja."

"Ulipanda ipi mwaka jana?"

Maximilla alicheka. "Mwaka jana? Mimi miaka kumi na nne nimepandanga miwa tu. Unalima, unangoja. Miwa inakomaa, unangoja lori. Lori linakuja miwa imekauka kama kuni. Nikasema basi. Nimeng'oa yote na mashina yake. Shemeji yangu Barasa, ndugu ya marehemu mume wangu, anaambia watu nimerukwa na akili."

"Watu husema, mama."

"Huyu hasemi tu. Tumekaa mbele ya wazee wa ukoo. Wameamua nijaribu msimu mmoja. Nikivuna chakula, shamba ni langu nilitumie nitakavyo. Nikikosa, ekari inarudi kwa miwa na Barasa ndiye atakayeisimamia. Kwa hivyo niambie ukweli. Hii mbegu itakuwa tayari shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza? Nataka nisonge obusuma ya unga wangu mwenyewe, Barasa aje ale, anyamaze."

Juu ya rafu, mbele ya macho ya Willis, kulikuwa na mbegu ya muda mfupi, ile ya miezi mitatu na nusu hadi minne. Willis alijua tofauti. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya siku mbili na akapewa kofia.

Mkono wake ulienda rafu ya chini.

"Hii ni nzuri sana, mama. Hindi lake ni refu hivi." Alionyesha kwa mkono. Na kweli hindi lake lilikuwa refu hivyo, kwa watu wa Mautuma kule nchi ya juu, wakipanda mwezi wa tatu.

"Itakuwa tayari mwezi wa kwanza?"

"Kwa uwezo wa Mungu, itakuwa tayari."

Aliufunga ule uongo ndani ya jina la Mungu, kama samaki anavyofungwa ndani ya gazeti.

"Basi niombee," Maximilla alisema, akainamisha kichwa.

Willis aliweka mkono juu ya paketi tano. Aliomba vizuri. Aliomba mvua, akaomba rutuba, akaomba aibu kwa wanaomdharau mjane. Maximilla alipoinua kichwa, macho yalikuwa yamemlowa. Alilipa, akaweka risiti kwenye kifua cha gauni, akaenda zake.

Mjini pale kuna chumba nyuma ya kanisa moja. Kila Jumatano, saa saba mchana, wauzaji hukutana humo. Wako wanaouza magodoro, viatu, bima, laini za simu. Husoma neno, hutoa ushuhuda, huombeana, kisha hurudi kazini. Anayewaongoza ni Mama Pascalia Mideva. Alikuwa afisa wa kilimo vijijini kwa miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu na anauza miche ya kabichi na sukuma karibu na soko. Hapendi maneno mengi.

Jumatano ile Tyson wa laini za simu alitangulia. "Bwana asifiwe! Wiki hii nimesajili laini arobaini!"

"Hata ile ya bibi yako aliyekufa?" mtu mmoja aliuliza, na watu wakacheka.

Willis akasimama. "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa na stoki iliyonishinda tangu mwezi wa tatu. Mbegu ambayo hakuna mtu aliyeitaka. Lakini Mungu ni mwaminifu. Ijumaa ameniletea mteja mmoja tu, akanunua yote. Zote tano!"

Watu walipiga makofi. Mama Pascalia hakupiga.

"Mbegu gani hiyo?" aliuliza.

Willis alitaja.

"Na huyo mteja ni wa wapi?"

"Shianda."

"Anapanda sasa?"

"Ndiyo."

Chumba kilianza kutulia. Mama Pascalia alivua miwani.

"Willis, wewe umetoa ushuhuda wako, tumeusikia. Sasa niambie. Mwezi wa kwanza huyo mama wa Shianda akisimama kanisani kwao, yeye atatoa ushuhuda gani?"

Willis alikaa chini bila kuambiwa.

Mama Pascalia alifunua Biblia yake. Somo alilokuwa ameandaa aliliacha. "Tunajua amri ya kutoiba," alisema. "Lakini katika Torati kuna sheria nyingine ndogo, watu huipita mbio. Inakataza kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza njiani. Nilipokuwa kijana nilishangaa. Ni nani mbaya hivyo, wa kumtegea kipofu? Kisha nikaanza kuuza vitu, nikaelewa. Mteja asiyejua bidhaa ni kipofu mbele yako. Wewe una macho. Anakuuliza njia iko wapi, kwa sababu haioni. Hapo ndipo imani ya muuzaji inapopimwa, si katika wimbo wa asubuhi."

"Lakini niliiombea," Willis alisema kwa sauti ndogo.

"Mbegu ya miezi sita ukiiombea, inabaki ya miezi sita. Ulitaka Mungu akusaidie kuficha ulichokijua. Kwa kazi hiyo hana msaada."

Baada ya amina alimshika Willis mkono pale mlangoni. "Nenda leo. Kama hajapanda, mbadilishie. Kama amepanda, kila siku unayokawia ni mvua yake inayopotea. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Nitaenda kesho."

Hakwenda kesho. Alhamisi kulikuwa na wateja wengi. Ijumaa alijiambia labda mvua itarefuka mwaka huu. Jumamosi Masinde alimpa zile elfu mbili, na Willis akamnunulia mtoto viatu. Jumapili aliimba kwenye kwaya huku akiangalia viatu vile. Jumatano iliyofuata hakwenda maombi ya saa saba. Alikula chapati peke yake nyuma ya duka.

Mama Pascalia alimkuta pale pale, karatasi ya chapati mkononi.

"Umeenda?"

"Bado."

"Unamwogopa nani? Masinde ama huyo mama?"

Willis alifikiri. "Namwogopa huyo mama," alisema. "Masinde atanipigia kelele tu. Yule mama alinishukuru."

"Basi unajua pa kuanzia," alisema Mama Pascalia, akarudi kwa miche yake.

Jioni ile Willis alimwambia Masinde kila kitu. Masinde alisikiliza akiwa ameshika kalamu hewani.

"Mimi nilikwambia uuze mbegu. Nilikwambia umdanganye mtu?"

"Hapana, mzee."

"Hapana." Masinde aliweka kalamu mezani. Kisha akasema, polepole, "Lakini sikukuuliza umemuuzia nani. Ningeuliza, ningejua. Paketi zilizofunguliwa sirudishi, hiyo ni hasara yako. Na zile elfu mbili utarudisha. Ijumaa nenda Shianda. Nitakaa dukani mwenyewe."

Ijumaa Willis alinunua paketi tano za mbegu ya muda mfupi kwa pesa yake, akafika Shianda kabla ya saa nne. Alimkuta Maximilla shambani, ameshika jembe begani, uso unang'aa.

"Willis wa maombi! Umekuja kuona kazi ya Mungu? Tazama!"

Willis alitazama. Mahindi yalikuwa yameota. Mistari ilinyooka kutoka njia hadi kwenye ua wa Barasa, kijani kibichi, kila shimo lina miche yake. Hakuna pengo hata moja.

"Nilipanda Jumanne ya wiki jana," Maximilla alisema. "Zimetoka zote. Zote! Barasa amepita hapa asubuhi, hata salamu imemshinda. Ngoja nikuchinjie ingokho. Huwezi kuja kwangu ukaondoka hivi."

"Mama, usichinje kuku. Nisikie kwanza."

Alimwambia akiwa amesimama, begi la mbegu mkononi. Alisema mbegu ile ni ya nchi ya juu. Alisema itamea vizuri hivi hivi na itakuwa ndefu kumpita yeye, halafu mvua itakatika kabla haijabeba mahindi. Mwezi wa kwanza atakuwa na mabua tu.

Maximilla hakupiga kelele. Aliteremsha jembe begani, akaliegemea.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua kabla ya kuomba, ama baada?"

"Kabla."

"Basi uliomba nini?"

Upande wa pili wa ua ng'ombe wa Barasa alilia. Maximilla aliangalia mistari yake ya kijani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu watoto.

"Ungesema hujui, ningekusamehe hapa hapa," alisema. "Kwa hili, ngoja nifikirie. Hilo begi lina nini?"

"Mbegu ya muda mfupi. Ya ekari nzima. Na kesho nitaleta watu wa kupanda, nitawalipa mimi. Kuna mama anaijua kazi hii, afisa wa kilimo. Atakuja pia."

"Na wewe?"

"Nitakuja pia."

"Na viatu hivyo?"

Willis aliangalia viatu vyake vyeusi vya kazi.

"Nitavivua."

"Utavivua," Maximilla alisema. "Ekari haijipandi."

Jumamosi walifika asubuhi mapema, Willis, Mama Pascalia na vibarua sita. Mama Pascalia aliangalia shamba, akachimba kidogo kwa kidole penye mche.

"Mbolea ya kupandia uliweka?"

"Niliweka," Maximilla alisema. "Kifuniko kimoja cha soda kila shimo."

"Vizuri. Basi hatulimi upya, tutaipoteza. Tutapanda kwenye mstari huo huo, katikati ya shimo na shimo. Mahindi mapya yakichomoza, wiki ijayo, unang'oa haya ya kwanza yote. Usiyaonee huruma. Ukiacha hata machache, yatakula mbolea ya wenzao na hayatakupa kitu."

Kisha akachukua paketi tupu ya ile mbegu ya kwanza, ambayo Maximilla alikuwa ameihifadhi. "Kuja hapa nikuonyeshe. Na wewe Willis, kuja, hata kama una kofia ya mafunzo. Soma hapa nyuma."

Maximilla alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Paketi ilisema mbegu inafaa nchi ya juu. Ilisema pia muda wa kukomaa.

"Ilikuwa imeandikwa!" alisema. "Wakati wote huu ilikuwa imeandikwa."

"Imeandikwa kwa herufi ndogo, ndiyo maana muuzaji ana mdomo," alisema Mama Pascalia. "Ukinunua mbegu, mwambie muuzaji shamba liko wapi, unapanda mwezi gani, na unataka kuvuna lini. Akijibu mbio mbio, mwambie akuonyeshe kwenye paketi. Angalia na tarehe, mbegu ya zamani haioti vizuri. Na kuna alama ya kukwangua. Ikwangue, utume ile namba kwa simu, utajua kama mbegu ni halali. Weka risiti na paketi mpaka uvune."

"Risiti ninayo," Maximilla alisema, akigusa kifua. "Niliiweka kwa sababu ya maombi."

Walipanda. Kufikia saa sita viganja vya Willis vilikuwa vimetoa malengelenge. Barasa alikuja akaegemea ua.

"Shemeji, mahindi yanapandwa mara ngapi siku hizi?"

"Yanapandwa mpaka yakubali," Maximilla alimjibu bila kuinuka. "Miwa yako, lori limekuja?"

Vibarua walicheka. Barasa aliondoka. Lakini Willis alimwona Maximilla akiangalia mawingu, na alijua anahesabu siku.

Mbegu ilipoota, Maximilla aling'oa yale mahindi ya kwanza. Alichukua siku mbili. Alimwambia Willis kwa simu kwamba alilia siku ya kwanza, na siku ya pili akaimba, maana kazi ilikuwa ndefu. Willis alikwenda palizi ya kwanza na palizi ya pili. Maximilla alimpa chai, lakini kuku hakuchinja.

Dukani mambo yalibadilika. Masinde aliandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi, akaitundika juu ya meza: SHAMBA LIKO WAPI? UNAPANDA LINI? UNATAKA KUVUNA LINI? Masinde aliamua pia kwamba mbegu ya mvua ndefu itakayobaki itapelekwa stoo kila baada ya mwezi wa tano, na haitarudi mbele hadi mwaka mpya. Mara nyingine Willis alimwambia mteja, "Hiyo unayotaka, sisi hatuna. Jaribu duka la pale kona." Mwezi wa mwanzo wa kufanya hivyo, mauzo yalishuka. Masinde aliguna, lakini ile kadibodi hakuitoa.

Willis aliendelea kuomba asubuhi, ila maneno yalipungua. Zamani aliomba, "Bwana, nipe wateja." Sasa aliomba, "Bwana, atakayekuja leo, nimwone." Na mteja akitaka kuombewa, Willis alimwambia, "Kwanza tusome paketi."

Mvua ilikatika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, mapema kuliko watu walivyotaka. Mwezi wa kwanza Maximilla alivuna.

Jumatano moja, saa saba, alikuja mwenyewe katika kile chumba cha nyuma ya kanisa. Alikuwa amebeba ingokho hai, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alimweka kuku yule juu ya magoti ya Willis.

"Bwana asifiwe," alisema. "Mimi ndiye mama wa Shianda. Nimevuna gunia tisa. Wazee wamekuja wakahesabu. Shamba limebaki mkononi mwangu. Barasa amekula obusuma kwangu, sahani mbili, na amenyamaza."

Watu walipiga makofi. Maximilla aliinua mkono.

"Sijamaliza. Jirani yangu Nanjala alipanda Jumanne ile ile niliyopanda mimi mara ya kwanza. Ekari kama yangu, mbolea kama yangu, mbegu ya muda mfupi. Amevuna kumi na mbili. Nimekusamehe, Willis, kuku ndiye huyo. Lakini nataka useme mbele ya hawa wauzaji wenzako lile kosa lilikuwa bei gani."

Willis alisimama, kuku kwapani. Hakuanza kwa kusifu. Alihesabu.

"Paketi tano za mbegu mpya, shilingi elfu mbili mia saba na hamsini. Vibarua sita, elfu mbili mia nne. Elfu mbili za bonasi, nilizirudisha. Hizo ni zangu, na zimelipwa."

Alimhamisha kuku hadi kwapa la pili.

"Siku kumi na moja kutoka alipopanda hadi tulipopanda tena. Kumi kati ya hizo nilikuwa najua la kufanya na sikufanya, maana Mama Pascalia aliniambia siku ya pili tu. Siku mbili za mama huyu kung'oa mahindi yaliyoota vizuri kwa mikono yake. Magunia matatu aliyoyakosa. Hayo sijayalipa."